Beseni la maji na kigoda: mwongozo kamili wa kutazama ndege na wanyama wa uani Tanga, siku ya jua la kipupwe

Tusidanganyane, kipupwe cha Tanga mjini si baridi ya Lushoto. Huku pwani asubuhi ya Julai inashuka nyuzi 20 hivi, mchana inapanda 27 mpaka 28, na watu wanavaa sweta kwa mazoea tu, bibi zetu wanajitupia kanga nyingine mabegani wanasema leo kumepoa. Kinachosumbua hasa ni kusi. Ikivuma inatikisa kila jani, huoni kitu, husikii kitu, ndege wenyewe wanajibanza. Ila kila baada ya siku kadhaa kusi inalala, mawingu yanafunguka na jua linatoka la moto kabisa kama la Disemba, na siku hiyo ndio naizungumzia hapa. Ukiamka ukakuta makuti yametulia tuli, ghairi safari ya sokoni, kaa uani.

Mie nina miaka sita natazama ndege wa uani kwangu hapa Sahare. Uwanja wenyewe hatua 20 kwa 15, una minazi miwili, mwarobaini, mpapai, mti mmoja mzee wa mkungu, kichaka cha migomba nyuma ya choo na ukuta wa tofali ambao haujamaliziwa. Hamna la ajabu. Na siku nzuri ya Julai nahesabu aina 20 za ndege mpaka 25, bila kutoka getini. Ukiniuliza siri ni nini ntakwambia neno moja tu: maji. Sio chakula. Chakula kinaleta kunguru, maji yanaleta ndege.

Kwanini siku ya joto ndani ya kipupwe

Masika inaisha mwezi wa tano kuelekea wa sita, na ikifika Julai vidimbwi vyote vya mtaani vishakauka, mitaro imebaki tope. Ndege wa mjini anabaki kubahatisha kwenye bomba linalovuja. Halafu wadudu, usiku ukipoa wanakuwa wazito, hawaruki, wanasubiri jua liwapashe, kwa hiyo ile saa jua linapokolea kila kitu kinaamka kwa mkupuo mmoja: nzi, nyuki, kereng'ende, mijusi inatoka kuota jua, na ndege wanaokula vyote hivo wanashuka chini. Siku ya joto ya kaskazi, mwezi wa pili kwa mfano, ikifika saa 3 tu kila mnyama kashatafuta kivuli kalala. Siku ya joto ya kipupwe wanaendelea mpaka saa 5. Yaani unapata muda mara mbili.

Kitu kimoja ukijue mapema usije ukavunjika moyo: wale wageni wa Ulaya na Asia, mbayuwayu wa kule na vitwitwi wengi wa ufukweni, miezi ya 6 na 7 hawapo, wako kwao wanataga. Wanaanza kurudi kuanzia Agosti na Septemba. Kwa hiyo kipupwe unatazama wenyeji, na kwa anayeanza hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu unajifunza wale wale wa kila siku bila kuchanganywa.

Hatua ya kwanza: tega maji, jana yake

Usitege asubuhi ile ile. Tega jana yake jioni, au afadhali wiki nzima kabla, ndege wapazoee.

Chombo: usitumie sinia la bati, jua likilichoma linakuwa kikaango. Tafuta kibia cha udongo, au ile sahani ya chini ya chungu cha maua, au kigae kipana cha mtungi uliovunjika, chochote chenye uso wa kukwaruza ili miguu isiteleze. Kina cha maji kisizidi vidole vitatu katikati, na pembeni kiwe kama kidole kimoja. Watu wengi wanakosea hapa, wanajaza beseni zima, sasa shomoro ataogaje kwenye kisima? Kama huna zaidi ya beseni la plastiki, bas weka mawe ndani mpaka yachungulie juu ya maji, ndege watasimama juu ya mawe.

Pa kuweka: hatua mbili tatu kutoka kichakani. Karibu sana paka anajificha na kuvizia, mbali sana ndege anaogopa mwewe. Hatua tatu zinamtosha ndege kurukia kichakani, na paka hapati pa kujibanza. Na juu yake kuwe na tawi la kutua, maana ndege hashuki moja kwa moja majini, anatua juu kwanza, anaangalia huku na huku, anashuka, anapanda tena, ndio ananywa.

Sasa nyongeza ambayo imenipa ndege kuliko vyote: chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa tundu kwa pini kwenye kifuniko, ining'inize kichwa chini juu ya kibia, itoe tone moja kila sekunde mbili tatu. Kama haidondoshi toboa kitundu kingine cha hewa huku juu. Sauti ya tone na yale mawimbi madogo ndege anayagundua kwa mbali sana. Kibia kimoja chenye tone kinashinda vibia vitano vilivyokaa kimya.

Na mbu. Hili sitanii, tuna dengi na malaria. Mbu kutoka yai mpaka kuruka anahitaji siku saba hivi au zaidi, kwa hiyo ukimwaga maji kila baada ya siku mbili na kusugua kwa brashi hakuna mbu atakayezaliwa kwako. Usipoweza kumwaga, usitege kabisa.

Kuhusu chakula, niwape kisa cha aibu. Mwaka wa kwanza nilitaka mambo ya haraka, nikapigilia ubao juu ya nguzo nikaweka wali wa jana, ukoko na vipande vya mkate. Siku ya pili kunguru wanne. Siku ya tano nikahesabu 31, juu ya bati, juu ya waya, juu ya tangi. Wiki haijaisha wakabeba vifaranga wawili wa jirani mchana kweupe, bibi wa watu kasimama na mwiko mkononi anawatazama wanavyoondoka. Akaja mpaka kizingitini kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliouma: "Mwanangu, mie sina ugomvi na ndege zako. Lakini hawa umewaita wewe, bas uwafukuze wewe." Nikalipa vifaranga, nikang'oa ubao. Kunguru kuondoka ilichukua mwezi.

Kama lazima uweke chakula, nusu papai lililoiva likichomekwa kwenye tawi linatosha, au kiganja kimoja cha mtama na chenga za mchele chini, asubuhi tu, kiishe. Masalia ya jikoni yafunike.

Hatua ya pili: kigoda kikae wapi

Miezi hii jua linapita upande wa kaskazini, si juu ya utosi. Kusi inatoka kusini mashariki. Kwa hiyo asubuhi kaa upande wa magharibi wa nyumba, mgongo uwe ukutani: unapata kivuli, ukuta unakuzuia upepo ukiamka, na jua linatoka nyuma yako linamulika ndege usoni, rangi zote unaziona. Ukikaa kinyume utaona vivuli vyeusi tu na utasema ndege wote ni kunguru. Jioni unahamia upande wa pili.

Kigoda kiwe kifupi, hatua 6 mpaka 8 kutoka kwenye maji. Vaa nguo iliyopauka, ile fulana nyeupe ya timu iache ndani. Chai chukua, kikombe kisichogonga.

Saa ngapi? Jua Julai linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi. Wenye kuimba wanaanza kabla ya hapo, ila kwa siku hizi za baridi naona shughuli kubwa inaanza saa 1 na nusu mpaka saa 4, halafu tena saa 10 jioni mpaka giza.

Hatua ya tatu: dakika 20 za kutofanya kitu

Hapa ndio watu wanashindwa. Ukitoka tu ndege wote wanakimbia, unakaa dakika tano huoni kitu, unashika simu, unasema hapa kwetu hamna ndege. Jamani, wapo, wanakutazama. Wape dakika 20. Usigeuze kichwa ghafla, usinyooshe kidole (kidole kinawatisha kuliko sauti), usiongee na simu. Atakayetoka wa kwanza ni shomoro maana huyo hana adabu, halafu tetere atatembea chini akitikisa kichwa, na wale wengine wakiona tetere hajadhurika wanashuka.

Siku moja nimekaa hivo, nikamwagia maji kidogo jani la mgomba, kwa bahati tu, nilikuwa nasuuza kikombe. Akaja chozi dume, kale kadogo kenye mdomo uliopinda, kifua kinang'aa kijani halafu utepe wa zambarau. Hakuenda kwenye kibia. Alijilaza tumbo kwenye lile jani bichi, akateleza nalo kutoka juu mpaka chini kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza, akapanda, akarudia, mara nne, halafu akakaa kwenye ncha akajikung'uta ule unyevu mpaka akawa kama kamba ya katani iliyofumuka. Tangu siku ile kila asubuhi namwagia majani ya mgomba. Chozi wengi wanaoga hivo, kwenye majani, sio kwenye beseni.

Hatua ya nne: sikiliza kabla hujatazama

Nusu ya ndege wangu nawajua kwa sauti. Dudumizi, ambaye wengine wanamwita tipitipi, sauti yake ni kama mtu anamimina maji kutoka chupa yenye shingo nyembamba, du-du-du-du inashuka halafu inapanda, na wazee wanasema anaita mvua. Kuna kengine kadogo kuliko shomoro kanajificha juu ya mkungu kanagonga tok, tok, tok kama fundi bati, dakika nzima bila kupumzika, utakasikia mwaka mzima kabla hujakaona. Kurumbiza, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi na mdomo mwekundu, anapiga mluzi laini wa majimaji, tena mmoja anaita na mwenzie anajibu.

Ila sauti zenye faida zaidi ni za kelele. Ndege wakipiga kelele pamoja mahali pamoja ujue kuna kitu. Kunguru wakizonga mti mmoja mchana, nenda kwa taratibu, mara nyingi ni bundi kalala pale au kipanga katua. Shore (wale wa hudhurungi wenye kichwa cheusi) wakilia kwa hasira ndani ya kichaka wanatazama chini, huyo ni nyoka au paka.

Mwaka juzi shore wanne na mramba mmoja (yule mweusi mwenye mkia wa panda) walipiga makelele kwenye mwembe wa jirani mpaka chai yangu ikapoa. Nikatazama dakika kumi sioni kitu, majani matupu. Halafu jani moja likasogea kinyume na upepo. Kijani kitupu, mrefu kuliko fimbo, kichwa chembamba. Wengi wetu tukiona nyoka wa kijani tunasema ah, ukukwi huyo, hana neno. Usiseme hivo. Pwani hii yetu kuna mamba wa kijani, nyoka wa sumu kali, na makazi yake ni miembe, minazi na mikorosho. Kutofautisha si kazi ya asubuhi moja, kwa hiyo kijani chochote kirefu mtini rudi nyuma, ita watoto ndani, mwache aende zake. Ndio nilichofanya.

Na huyo mramba usimwamini sana, anaiga sauti za hatari za ndege wengine, wenzie wakikimbia anabeba mdudu wao. Methali inasema ndege mwigo hana mazoea, huyu mazoea anayo.

Hatua ya tano: kumjua ni nani

Usianze na rangi. Rangi inadanganya, jua linadanganya, na dume wa mnana (yule msusi wa viota) akishamaliza msimu wa kuzaa ule umanjano wake wa kung'aa unafifia, unaweza kudhani ni ndege mwingine. Anza hivi: ukubwa, kwa kulinganisha na watatu unaowajua, shomoro, tetere na kunguru. Halafu mdomo: mfupi mnene huyo anavunja mbegu, uliopinda mwembamba anafyonza maua, mnyoofu mrefu kama msumari anadaka. Halafu mkia. Halafu anafanya nini na yuko wapi, chini, katikati, au kileleni. Rangi iwe mwisho.

Kunguru mjue vizuri maana wako wa aina mbili. Mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akavuka bara na akasambaa pwani nzima, na ndiye mwizi wa mayai na makinda. Mwenye kifua na kola nyeupe kama kanzu chini ya koti ni mwenyeji wetu, na huyo siku hizi mjini unamwona kwa nadra kidogo kuliko zamani. Tusiwatukane wote kwa jina moja.

Minazi ina wapangaji wake. Mnana anachana makuti nyuzi nyuzi anasuka kiota, ukitazama kwa karibu utaona anashika uzi kwa mguu, anapitisha kwa mdomo, anavuta, kama mtu anasuka ukili. Kwenye makuti makavu yanayoning'inia kuna wale weusi wembamba wa mabawa kama mundu wanaoruka kutwa nzima, hao hawasuki, wanagandisha kiota kwa mate yao wenyewe kwenye kuti, na mayai nayo wanayagandisha, maana kuti linacheza na upepo. Ndio maana mkweaji akisafisha mnazi wote mie namwomba aniachie makuti mawili makavu. Ananicheka, lakini anaacha.

Kwenye papai utaona pasa, wa kijivu-hudhurungi wenye mkia mrefu kuliko mwili na kishungi, wanatambaa matawini kama panya, wanakuja sita sita, na papai lako bas tena. Kwenye mwarobaini ukiiva utaona shore. Kwenye waya, mdiria (jamii ya ndege wavuvi), na usishangae huna bwawa, huyu wa uani anakula panzi na mijusi. Ukiwa na ndugu kwenye shamba la mkonge mwombe akuonyeshe mlingoti uliotoa maua, chozi wanaujaa, ni kama mgahawa.

Majina waulize wazee. Vijana tunajua "ndege" na "kunguru" tu, lakini bibi wa miaka 70 atakupa shore, kurumbiza, pugi, dudumizi, na tabia za kila mmoja juu yake. Mie majina mengi nimepewa na yule yule bibi wa vifaranga.

Hatua ya sita: darubini na simu

Unaweza kuanza bila darubini, kwa hatua 6 macho yanatosha. Ukipata pesa, tafuta iliyoandikwa 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutwe na 20x wala 30x, mkono ukitetemeka kidogo ndege anaruka nje ya kioo. Ukinunua ya mtumba itazame kwenye mwanga uone kama ndani kuna kuvu, unyevu wa pwani unaua lenzi, na ukitazama kitu kikiwa viwili viwili irudishe. Nyumbani itunze kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Kuiseti: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha fumba la kushoto, zungusha ile pete ya jicho la kulia mpaka nalo lione vizuri. Ukishamaliza usiiguse tena. Na kumpata ndege, mtazame kwa macho usimwachie, halafu inua darubini mpaka machoni bila kushusha macho. Ukishusha umempoteza. Jua usilitazame kwa darubini hata kwa bahati mbaya, linachoma jicho.

Kwenye simu kuna Merlin, programu ya kutambua ndege ya chuo kikuu cha Cornell, ni bure, pakua furushi la ndege wa Afrika Mashariki ukiwa na bando la kutosha halafu inafanya kazi hata bila intaneti. Inasaidia, lakini isikutawale, ikikwambia ndege wa Namibia yuko Sahare cheka tu. Na tafadhali usipige sauti ya ndege kwa spika kumwita, anadhani kavamiwa, anaacha makinda anakuja kupigana na simu.

Hatua ya saba: majirani, usiipite hii

Mtu mzima na darubini uani ni kesi. Uani kwetu watu wanaoga, wanasuka nywele, wamejifunga kanga moja. Kabla ya siku ya kwanza nenda kawaamkie, waeleze, waonyeshe, waache watazame wenyewe. Darubini ielekee juu au kwenye kibia chako, kamwe usiivushe ukutani kwa mtu. Ukitoka nayo mjini, bandarini, relini na maeneo ya jeshi usiinue kabisa.

Watoto watakuja na manati. Usiwafukuze. Mie niliwaambia atakayeleta hesabu ya ndege tofauti wengi kuliko wenzie kwa wiki anapata chungwa, na machungwa ya Muheza kipupwe ni bei rahisi. Wawili bado wana manati zao mfukoni, lakini sasa wanagombania daftari.

Hatua ya nane: daftari

Andika tarehe, saa, upepo upo au umelala, mti gani, ndege gani, anafanya nini. Idadi andika wengi uliowaona kwa pamoja, mara moja. Tetere watatu saa 2 na wanne saa 3 ni wanne, sio saba, maana huenda ni wale wale. Usiyemjua mchore tu, hata vibaya. Baada ya mwaka utaanza kuona mambo, nani anakuja lini na anaondoka lini. Kuna mmoja alikuja kwangu Agosti akakaa siku mbili tu na hajarudi mpaka leo, nina mchoro wake, mdomo mwekundu, mguu mrefu, na bado namtafuta. Baadhi ya ndege wa misitu ya milima ya Usambara Mashariki miezi ya baridi wanashuka misitu ya chini, sisemi ni yeye, ila wakati wa kipupwe ndege yeyote anaweza kupita. Ukishawamaliza wa uani, panda Muheza uende Amani, kule kuna hifadhi tangu 1997 na bustani ya miti ya Wajerumani ya 1902, lakini uani kwanza.

Mchana na usiku

Kuanzia saa 5 ndege wanapungua, usiingie ndani bado. Tazama ukuta. Mijusi inayoota jua tofalini inapigana kwa kutikisa vichwa juu chini, mwenye eneo yuko juu kabisa. Kenge akipita kuelekea kwenye kuku usimrushie jiwe ukiwa umemzibia njia, mkia wake ni kiboko. Nguchiro wanapita mbio wakiwa wengi, ukipepesa wameisha. Juu angani tazama mwewe wanavyopanda na hewa ya moto bila kupiga bawa.

Magharibi popo wanatoka. Usiwashike, wala ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, tumia mfuko. Bundi akilia juu ya bati kuna jirani atakuja kukwambia umfukuze kabla msiba haujaja. Mie huwa sibishani na imani ya mtu, nasema tu panya wangu wamepungua, na wa kwake je?

Halafu komba. Usidhani utamwona kwa kumtafuta, tulia gizani kwenye kigoda kile kile, tochi ifunike kwa mfuko mwekundu wa plastiki. Kwanza utasikia kilio kama mtoto mchanga kaachwa, mgeni wangu mmoja kutoka Dodoma alitaka kuita polisi. Elekeza tochi kwenye kichwa cha mnazi, utaona macho mawili makubwa ya moto yanaruka mti hadi mti bila mwili. Kama mgema ametega kibuyu cha tembo pale juu, subiri. Usemi wa kulewa kama komba haukuzuka hewani, mie nimemwona mmoja kazamisha kichwa mpaka mabegani, akatoka masharubu yamelowa, akakosea tawi, akaning'inia kwa mkono mmoja akifikiria.

Mzimie tochi mapema, macho yake yanaumia. Kabla ya kulala mwaga maji ya kibia, sugua, jaza upya. Kesho kusi ikilala unakaa tena.